Uzoefu wangu na Nikon P900, kupiga picha ndege nikiwa barazani Luchelele

Jamani wapenda ndege, naleta mrejesho. Nina kamera ya Nikon P900 mwezi wa saba sasa, niliichukua mtumba kwa milioni moja na laki moja, ni toleo la 2015 ila zumu yake mara 83 inanitosha kabisa, maana naishi Luchelele, Mwanza, huku juu kwenye mawe, Ziwa Victoria liko chini kama mita mia mbili hivi, sitoki hata getini, nakaa tu na chai yangu namsubiri furukombe, yule tai mla samaki, atue kwenye mti mkavu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kile kitufe cha pembeni ya lenzi. Ukivuta mpaka mwisho, ndege akisogea kidogo tu ushampoteza, unabaki unatazama maji matupu, sasa ukikishikilia zumu inarudi nyuma fasta unamwona alipo, ukiachia inarudi kulekule. Ndo nilivyompata mdiria, yule mweusi na mweupe. Kasimama hewani anapiga mbawa, kichwa hakitikisiki kabisa, mara kajichoma majini katoka na dagaa, katua kwenye ukingo wa mtumbwi akawa anampigiza kwenye ubao kushoto kulia mpaka kalegea, akammeza kuanzia kichwani. Nilivyoikuza ile picha nikaona mikanda miwili kifuani, kumbe ni dume, jike anao mmoja tu! Miaka yote niko hapa sikuwahi kujua.

Kabla ya saa moja asubuhi mwanga hautoshi, kamera yoyote yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) italeta chenga. Saa sita mchana msijisumbue, mawe yetu yakishapata moto hewa inacheza, picha ya mbali inatoka kama umepigia juu ya sufuria linalochemka. Na usipigie kupitia wavu wa mbu, fungua dirisha. Mkono ukitetemeka laza lenzi kwenye mfuko wa mchanga juu ya ukuta, mimi ndo stendi yangu.

Betri tafuteni orijino. Ya akiba niliyouziwa duka moja mjini ilivimba wiki ya tatu ikagoma kutoka, nikaitoa kwa shida sana, na wenye duka wakanikana.

Furukombe nimempata akiita, kichwa kakitupa nyuma kabisa, ila akinyakua samaki bado, hata kwa spidi ya shata ya 1/1000 ya sekunde anatoka na ukungu. Wa Igombe na Kayenze mliompata, mliweka spidi ngapi?