Uzoefu wangu na ofisi iliyotuchorea jumba la mtaa, Goma

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa wetu, magharibi mwa Goma kwenye barabara ya kwenda Sake, tulipoipa ofisi moja ya usanifu kazi ya kutuchorea jumba la watu wote: ukumbi wa mikutano na harusi, chumba cha kusomea, chumba cha chanjo za watoto, na bustani ya wazi kulizunguka.

Jengo lenyewe walilichora vizuri sana. Kuta ni za mawe meusi ya lava, ambayo hatuna haja ya kuyatoa mbali katika mji ambao mlima wa volkano wa Nyiragongo uliumwagia moto hadi katikati mwaka 2002, na saruji ikabakizwa kwa msingi na nguzo tu. Paa la mabati linakusanya maji ya mvua kwenye tangi, na maji ya mwanzo humwagwa, kwa sababu mlima ukitoa majivu mabati ndiyo yanayoyapokea.

Bustani ndiyo iliyonisikitisha. Katika mchoro wa kwanza waliichimba mita mbili chini ya ukumbi, ikiwa na ngazi za kukalia, watoto wachezee chini. Mama mmoja mzee aliinuka mkutanoni, akaweka kidole juu ya shimo lile, akauliza: «Na mazuku je, wanangu?» Aliyekulia huku anajua kwamba mazuku ni gesi ya kabonidioksidi inayotoka ardhini: ni nzito kuliko hewa, haionekani, na hulala mabondeni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka, mbuzi akiingia humo hatoki. Ofisi ilikuwa haijapima chochote, nami niliumia, maana wachoraji wale ni watu wa mji huu huu.

Hata hivyo hawakubishana. Walirudi alfajiri tatu mfululizo na kipimo cha gesi, wakakishusha katika kila ufa, kisha wakaichora bustani upya, safari hii ikiwa imeinuliwa juu ya matuta ya mawe yaliyojazwa udongo wa kuletwa, kwa kuwa juu ya lava tupu miti tuliyoitaka isingeshika.

Walitutoza mchoro wa pili kama kazi mpya, jambo ambalo hadi leo naliona si haki. Ningewapa kazi tena, lakini mkataba ungesema kwamba gesi inapimwa kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, kwa gharama yao.