Chuchu nyekundu ya kunyonyeshea vitoto vya kondoo: tumeitumia masika nzima na wajukuu

Habari zenu wapendwa. Naomba niandike kuhusu hii chuchu ya raba nyekundu yenye kitako cha njano, ile unayoifunga kwenye chupa ya soda halafu unamnyonyeshea kitoto cha kondoo, maana watu wengi huku kwetu wananiuliza kama inafaa au ni hela ya kutupa, na mimi nimekaa nayo masika nzima hapa Meru, juu kidogo ya Tengeru, na walioitumia zaidi sio mimi ni wajukuu, kwa hiyo ninachosema hapa ni kitu kilichopita kwenye mikono ya watoto wa miaka mitano mpaka kumi na mbili na mpaka leo ni kizima.

Inafaa, tena sana. Ila kuna mambo hawakuandikii popote kwenye ile pakiti na usipoyajua unaweza kumuua kondoo huku unadhani unamsaidia, ndo maana nataka niseme kwa urefu.

Kondoo wangu ni wale wekundu wa Kimasai, na wachache wamechanganyika na Dorper. Wekundu siwaachi hata mtu aniambie nini, mvua zikiwa nyingi minyoo inakuwa mingi na hawa wanaihimili kuliko wengine wote. Kondoo anabeba mimba miezi mitano kasoro siku chache, kwa hiyo dume niliyemwachia mwezi wa kumi na moja majani ya vuli yalivyotoka ndo ametuletea vitoto mwezi wa nne, masika imekolea, na huo ndo wakati shule zimefunga likizo fupi na nyumba imejaa. Wa Dar wamekuja na basi, wa Arusha mjini wameletwa na baba yao, magodoro yametandikwa mpaka sebuleni, nguo za shule ziko kwenye mabegi hazijafunguliwa, asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba hulioni hata banda. Mi napenda wakati huu kuliko Krismasi. Krismasi wanakuja wakubwa wanakaa wanaongea mambo ya viwanja na harusi, masika wanakuja watoto, na mtoto akishafika cha kwanza shikamoo bibi, cha pili bibi wamezaa?

Walizaa. Na mmoja alizaa pacha, jike na dume, ila kiwele chake upande mmoja kilikuwa kimevimba kigumu na cha moto, ukigusa tu anapiga teke. Dume likawahi upande mzima likashikilia, jike likawa linazunguka linalia. Bwana mifugo alikuja akampa mama dawa, akasema huyu mdogo mtamlea kwa chupa, na hapo ndo nikamtuma mwanangu mjini atafute hii chuchu, maana maduka ya dawa za mifugo ya huku karibu hawakuwa nayo, walikuwa na chupa za watoto wachanga tu.

Chupa ya mtoto mchanga naijua, nimelea nayo vitoto miaka ya nyuma. Shida yake ile silikoni ni laini mno, kondoo anazaliwa na meno au yanatoka ndani ya siku chache, anaitafuna mpaka inachanika, na akimeza kipande ni balaa lingine. Hii nyekundu raba yake ni nzito, ni ndefu na nyembamba, inamjaa mdomoni vizuri na anaikubali haraka. Yule wetu mara ya kwanza tulimpakia maziwa kidogo kwenye ncha, akalamba, akageuza kichwa, akarudi, mkia ukaanza kutikisika kwa kasi, wajukuu wakapiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna nyoka.

Sasa sikilizeni. Ikitoka dukani haina tundu. Ncha imefungwa kabisa, unakata mwenyewe kwa mkasi msafi au wembe, na hapo ndo watu wengi wanaharibu, wanakata kubwa ili maziwa yatoke haraka. Usifanye hivyo. Kata kidogo sana, jaza maji, geuza chupa kichwa chini, inatakiwa idondoshe tone tone polepole, ikimwaga mchirizi ujue tundu ni kubwa na maziwa yatamzidi kumeza yaingie kwenye mapafu, na kitoto cha kondoo maziwa yakiingia kwenye mapafu mara nyingi haponi. Ikiwa ndogo sana utaongeza, ila ikiwa kubwa hakuna namna ya kuirudisha, nunua nyingine.

Pale kwenye kitako cha njano kuna kitundu kina kijigololi kidogo cha chuma ndani. Mjukuu wangu wa darasa la sita ndo aliniuliza bibi hii kazi yake nini, tukakaa naye mezani tukaichunguza, ni ya kuingiza hewa. Kondoo akivuta maziwa hewa inaingia kujaza nafasi, chupa haibonyei na hahitaji kuachia achia. Ni kitu kidogo lakini ndo kinachoitofautisha na vile vya kienyeji vya kukata kidole cha glavu. Kikiziba kwa mtando wa maziwa chupa inaanza kujikunja na kondoo anavuta hapati kitu, kwa hiyo kila ukiosha hakikisha gololi inacheza, tikisa usikie.

Chupa zinazoingia ni zile za soda za plastiki, nusu lita ndo saizi ya mkono wa mtoto. Chupa nyingi za maji za siku hizi shingo yake ni fupi, inaonekana imekaza kumbe inavuja, na maziwa yakivuja kwenye sweta la mtoto asubuhi ya baridi ya huku juu utasikia kilio. Huyo huyo wa darasa la sita alichukua bomba la sindano la dukani lisilo na sindano akapima maji, akachora mistari kwenye chupa kwa maka peni, 50, 100, 150, 200, halafu wakaandika zamu kwenye daftari nani asubuhi nani saa nne nani jioni. Mimi sikuwaambia. Nilikuta tu daftari limetundikwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda na zamu ya usiku wameniandikia BIBI.

Kuhusu kiasi, maana hili naulizwa sana. Cha kwanza kabisa ni dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo, bila hayo hata uwe na chuchu ya dhahabu hufiki mbali kwa sababu kondoo anazaliwa hana kinga, kinga yote iko humo, na utumbo wake unaipokea vizuri masaa ya mwanzo tu, ikishapita siku moja mlango umefungwa. Kwa hiyo wahi ndani ya masaa sita. Hesabu ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, kitoto cha kilo 3 anapata 150, na ndani ya masaa 24 ya mwanzo kwa jumla afikishe kama mililita 200 kwa kilo, unamgawia kidogo kidogo. Sisi tulimkamua mama yake ule upande mzima, mwanangu ameshika kichwa mimi nakamua, tukachuja tukampa. Baada ya hapo tukaenda na maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Tafadhali msiyachanganye na maji, maziwa ya kondoo kwa asili yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe, sasa ukiongeza maji tena unamlisha nini huyo mtoto? Yapashe yawe na joto la mwili wake, nyuzi 39 hivi, ukidondoshea kwenye mkono ndani usikie uvuguvugu wa kupendeza, sio moto.

Na mpe kidogo mara nyingi. Watoto wana huruma, kondoo akimaliza akalia wanataka kuongeza, "bibi bado ana njaa muone", nikawa nasema hapana mjukuu wangu, akijaa kupita kiasi tumbo linavimba gesi na anakufa amelala pale pale. Ukimshika ubavuni nyuma ya mbavu unatakiwa usikie amejaa sawasawa, sio ngoma. Wa miaka mitano akawa ndo mkaguzi, kila baada ya kunyonyesha anapapasa ubavu anatoa majibu.

Kingine, msimpakate kama mtoto wa binadamu. Picha nyingi unaona mtoto kamlaza kondoo chali mapajani anampa chupa, inapendeza kwenye picha lakini ni hatari. Asimame kwa miguu yake minne, chupa iwe usawa wa kiwele cha mama yake, kichwa kinainuka kidogo tu. Akinyonya akiwa hivyo koo lake linatengeneza mfereji unaopeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne, yanapita lile tumbo kubwa la majani, yakiingia kule yanachacha. Wajukuu walielewa haraka nilipowaonyesha yule dume anavyonyonya kwa mama, amepiga magoti ya mbele kichwa kimeinuka, wakaanza kurekebishana wenyewe, wee mshushe chini, atapaliwa.

Na kama amepoa usimpe kwanza. Hili kwa wa huku mlimani ni muhimu mno, mvua ya usiku na upepo kitoto kinakutwa asubuhi kimelowa kimelegea. Mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi hana nguvu ya kumeza, mpashe joto kwanza, mkaushe na taulo, mweke kwenye boksi lenye nyasi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, mdomo ukipata joto na akianza kutafuta kunyonya ndo umpe. Tulikuwa na mmoja aliyezaliwa usiku wa mvua kubwa, alilala kwenye boksi jikoni karibu na jiko la mkaa (dirisha wazi jamani, mkaa sio wa kuchezea), watoto wamekaa mstari kwenye mkeka wanakunywa uji wanamwangalia, aliposimama miguu inatetemeka hakuna aliyemaliza uji.

Kwa wenye watoto nyumbani naongeza na hili, mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya banda, kabla ya kugusa chakula. Kuna ugonjwa wa vidonda vya midomo vya kondoo na mbuzi ambao unahamia kwa watu kwenye vidole. Na mkwe wangu ana ujauzito, alitamani sana kushika, nikamwambia, mwanangu, wewe kaa barazani uangalie, kondoo wanaozaa wana vimelea vinavyoweza kuharibu mimba ya mama, hata nguo za banda usimfulie mtu. Alinielewa, akawa ndo mpika loshoro wetu wote tukitoka huko tumelowa.

Kasoro zake. Ya kwanza haina maelekezo, pakiti ya nailoni tupu, na hiyo habari ya kukata ncha mtu asiyejua atahangaika, muuzaji angetumia dakika mbili tu kumweleza mteja. Ya pili raba haipendi jua, ukianika kwenye ukuta inaanza kupasuka pasuka, anika kivulini. Ya tatu haiuzwi chuchu peke yake bila kitako, angalau mwanangu hakuipata, kwa hiyo ncha ikiharibika unanunua nzima. Ya nne ni ya kondoo na mbuzi, sio ya ndama, jirani aliazima akajaribu kwa ndama ikamezwa karibu yote.

Usafi ni rahisi, unaifungua vipande, maji ya moto na sabuni, brashi ndogo, unaichemsha kidogo mara moja kwa siku. Maziwa yakilala ndani usiku mmoja harufu haitoki na kondoo anaharisha.

Siku moja wa miaka nane aliniuliza kimya kimya wakati wenzake wako mbali, bibi huyu tutamchinja? Nilimjibu ukweli. Kondoo tunafuga tunauza na tunachinja, ada yenu ya shule miaka mingine imetoka kwenye hili banda, na dume atauzwa akikua, ila huyu ni jike, jike anabaki anazaa, ukija masika nyingine na nyingine utamkuta na watoto wake. Akafikiria kidogo akasema basi nyingine nanunua mimi chuchu. Nikamwambia sawa, weka akiba.

Sasa hivi jike lina miezi miwili na zaidi, anakula majani na pumba kidogo, chupa tumempunguza taratibu mpaka tumeacha, na uzito hajapishana sana na pacha wake. Bei haikufika elfu kumi, nikilinganisha na kondoo mmoja mkubwa anavyouzwa mnadani hata sifikirii mara mbili. Naipa nyota nne, ya tano wanapata siku watakayoweka karatasi ya maelekezo ya Kiswahili.

Nilinunua mbili, moja haijakatwa. Mtu wa kuanzia Tengeru mpaka Usa River akipata kitoto cha kondoo yatima usiku na maduka yamefungwa aje achukue, hata saa nane agonge tu, ila airudishe imechemshwa.