Usiku wa Thailand 2018 kwenye kibanda umiza cha Kirumba

Nimeshakwenda mara mbili, kwa hiyo naongea nikijua. Kibanda chenyewe, cha kuonyeshea mpira na video, kiko Kirumba, Mwanza, ukitoka soko la samaki la Mwaloni unapandisha kidogo, unawapita wachoma mahindi. Jina silitaji, nina ya kulalamika na mwenyewe ni mteja wangu wa dagaa. Kiingilio shilingi 1,000, wanafunzi 500. Siku za mechi hupati hata nguzo ya kuegemea, ila Ijumaa ambazo hazina mpira mwenye kibanda kaanzisha utaratibu wake: nchi moja, mwaka mmoja. Anapakua habari za mwaka huo, anaziunga, halafu kijana anashika maiki anatutafsiria. Ijumaa iliyopita ilikuwa Thailand, mwaka 2018.

Picha ni safi, ukuta umepakwa chokaa nyeupe kabisa. Choo kipo na ndoo ina maji, hapo nampa maksi zake. Mabenchi ni mbao tupu, saa ya pili kiuno kinaanza kukudai. Spika ya kushoto inakoroma. Karanga za mlangoni zimeungua, msinunue.

Sasa huyo mtafsiri. Sauti anayo, nyie! Tatizo kazoea filamu za ngumi. Habari ilianza tarehe 23 Juni: watoto 12 wa timu ya mpira iitwayo Nguruwe Pori, pamoja na kocha wao wa miaka 25, wameingia pango la Tham Luang huko Chiang Rai baada ya mazoezi, mvua ikanyesha, maji yakawafungia njia. Yeye akatuambia ni timu ya taifa na kwamba waliishi kwa kula popo. Nikashindwa kuvumilia. "Mwanangu, hao ni watoto wa mtaani kama wa hapa, mdogo wao ana miaka 11. Na popo hawakula. Hawakula chochote, walikunywa maji yanayodondoka kwenye mwamba." Nayajua kwa sababu mwaka ule redio ya kwenye meza yangu haikuzimwa, tulikuwa tunaanua dagaa huku tunaulizana, wale watoto wameshafikiwa? Kijana akajibu kwenye maiki, "Nisamehe mama yangu," kibanda kizima kikacheka. Baada ya hapo alitulia kidogo.

Na alipotulia ndipo nikaona thamani ya elfu moja yangu. Ilifika video ya tarehe 2 Julai, siku ya tisa. Wazamiaji wawili Waingereza, John Volanthen na Rick Stanton, wanaibuka kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, tochi inapiga kwenye kichuguu cha udongo, na pale juu ni miguu myembamba, fulana nyekundu, macho. Wote 13. Kijana hakutafsiri neno. Mzee aliyekaa karibu yangu, kazi yake kuzamia kunasua nyavu zilizokwama kwenye mawe, akasema taratibu, "Kwenye tope jicho halina kazi. Unaona kwa vidole." Mdomo wa pango ulikuwa nyuma yao kama kilomita nne.

Sikujua vizuri jinsi walivyotolewa, nikaelewa juzi. Walipewa dawa ya usingizi na daktari wa Australia, Richard Harris, ili wasitaharuki majini, wakavalishwa barakoa za hewa na kupitishwa mmoja mmoja kama mzigo unaopumua. Tarehe 8 Julai wanne, tarehe 9 wanne, tarehe 10 watano. Watu kibandani walikuwa wanahesabu kwa sauti: nne! nane! kumi na tatu! Ila Saman Kunan, askari mstaafu wa majini aliyejitolea, alikuwa ameshafia humo tarehe 6 akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Ilipotokea picha yake, yule mzee alivua kofia. Kuna sehemu nyingine niliipenda, ya wakulima ambao maji yaliyovutwa pangoni yalifunika mpunga wao. Wapo waliosema mpunga utapandwa upya, watoto watoke kwanza. Na sikujua kwamba watatu kati ya wale watoto, na kocha mwenyewe, hawakuwa raia wa nchi yoyote. Agosti hiyohiyo wakapewa uraia.

Lalamiko langu liko hapa. Tarehe 5 Julai, watoto wakiwa bado pangoni, boti ya watalii iitwayo Phoenix ilizama karibu na Phuket katika dhoruba, wakafa Wachina 47. Mwenye kibanda kaipa dakika tano. Halafu dakika arobaini, nilitazama saa, ni helikopta ya Vichai Srivaddhanaprabha, tajiri wa Thailand aliyekuwa mmiliki wa timu ya Leicester City, iliyoanguka Oktoba nje ya uwanja kule Uingereza. Naelewa, kibanda ni cha mpira. Lakini tazama waliokaa mle: wavuvi, makuli wa Mwaloni, sisi wa dagaa tunaovuka kila wiki. Na mwaka ni uleule. Septemba 20, 2018, Alhamisi, siku ya gulio Bugorora, kivuko chetu cha Ziwa Victoria, MV Nyerere, kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Nilikuwa Mwaloni nasubiri magunia matano. Hakuna aliyeniuliza habari za magunia, na mimi sikuuliza. Siku ya pili yake usiku hatukulala, na kesho yake fundi wa injini akatolewa hai ndani ya kivuko kilicholala kifudifudi.

Nilimwambia mwenye kibanda wakati wa kutoka. Akasema, "Mama, watu wamekuja kufurahi." Nikamwambia mbona kwenye pango hukusema hivyo? Akacheka, akanipa soda. Soda nilikunywa, hoja yangu sikuifuta.

Yaliyobaki yalipita haraka: ufukwe wa Maya Bay ulivyofungwa Juni 1 ili matumbawe yapumzike, nyangumi aliyekutwa na mifuko ya plastiki 80 tumboni, na Desemba 25 bunge lao kupitisha bangi kwa matibabu. Neno matibabu mtafsiri alilimeza, vijana wa nyuma wakashangilia kama goli. Hapohapo umeme ukakatika. Jenereta iliwashwa baada ya dakika kumi, na hakuna aliyerudishiwa hela.

Ijumaa nyingine isiyo na mechi kasema ni Ufilipino 1986. Nitakwenda na mto wangu wa kukalia, na karanga zangu kwenye mkoba.