Uanachama wa AMS ukiwa Afrika Mashariki: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana swali nimeulizwa mara nyingi na wanaosoma hali ya hewa: je, inafaa kulipia uanachama wa American Meteorological Society ukiwa Dar, Nairobi au Kampala? Kwangu imefaa, lakini kitu kikubwa kuliko vyote wanachotoa, yaani majarida yao ya utafiti, unakipata bila kulipa hata senti. Kianze hicho, ada ifuate baadaye kama itabidi.

Kwa asiyewajua, AMS ni chama cha wataalamu wa hali ya hewa cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1919 na Charles Franklin Brooks, makao yake yako Boston. Si idara ya serikali na hawatoi utabiri, kwa hiyo usiende huko kutafuta mvua ya kesho. Wanachapisha utafiti, wanaitisha mikutano, wanathibitisha wataalamu, wanatoa tuzo na ufadhili wa masomo. Nilijiunga nikiwa mwanafunzi wa uzamili, kwa ada ya wanafunzi ambayo ni nafuu, nikaendelea nilipopata kazi.

Majarida ndiyo kiini cha chama hiki. Makala ikishatimiza mwaka tangu ichapishwe, inafunguliwa kwa kila mtu. Huombwi nywila wala namba ya kadi. Na hazina yenyewe inarudi nyuma mbali sana: Monthly Weather Review lilianza mwaka 1872 chini ya serikali ya Marekani, AMS wakalipokea 1974. Humo ndimo mtaalamu wa hali ya hewa Jacob Bjerknes alimoeleza, mwaka 1969, jinsi joto la Bahari ya Pasifiki linavyoamua mvua za nchi zilizo mbali nayo. Kila tunapoilaumu El Nino, yaani Pasifiki kupata joto kupita kawaida, mvua za vuli zikizidi, tunatumia hoja yake. Mwanasayansi Edward Lorenz naye, aliyeonyesha mwaka 1963 kwamba tofauti ndogo mno ya mwanzo inatosha kuupotosha utabiri wa siku nyingi mbele, alichapisha kwenye Journal of the Atmospheric Sciences, la hawahawa.

Lakini makala iliyonifaa zaidi mimi ni nyingine, ya Roland Madden na Paul Julian, 1971, jarida hilohilo. Walichukua rekodi za upepo wa juu kutoka kisiwa cha Canton, katikati ya Pasifiki, wakakuta upepo unabadilika kwa mzunguko wa siku 40 hadi 50. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba ni mfumo mkubwa wa mawingu na upepo unaosafiri kuelekea mashariki ukiizunguka dunia kwenye tropiki. Leo unaitwa MJO (Madden-Julian Oscillation, kwa majina yao), na mtu anayefuatilia masika hawezi kuukwepa. Utabiri wa msimu utakuambia mvua zitakuwa juu ya wastani au chini. Mkulima anataka kujua kama wiki mbili zijazo zitanyesha au atapoteza mbegu, na hapo MJO inasaidia kuliko karibu kitu kingine chochote tulicho nacho.

Nilishiriki kuandika makala kuhusu jambo hili, jina langu likiwa katikati ya orodha, ikapelekwa kwenye mojawapo ya majarida ya AMS. Wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijakubaliwa, hawalipwi, na kwa kawaida huwajui ni nani. Mmoja wao alituandikia maoni marefu kuliko baadhi ya ripoti nilizowahi kusoma. Alitaka tutenganishe nyanda za juu na pwani, akituelekeza kwa watafiti Pohl na Camberlin, ambao walionyesha mwaka 2006 kwamba mawingu ya MJO yakiwa juu ya Bahari ya Hindi, nyanda za juu hupata mvua, lakini pwani hupata zake katika awamu za kinyume, unyevu ukisukumwa na upepo wa chini kutoka baharini. Ukizichanganya Nakuru na Mombasa kwenye wastani mmoja, zinafutana. Akauliza pia vituo vya kupimia mvua vilivyobaki ni vingapi, na makadirio ya setilaiti tuliyotumia yanaegemea nini pale ambapo hakuna kipimo ardhini. Tuliyajibu kwa miezi. Kama kuna darasa bora kuliko hilo kwa mtafiti mchanga, mimi sijalikuta, na wala halikudai kadi ya uanachama.

Kuchapisha kwenye majarida haya kuna gharama kwa mwandishi. Asiye na fedha za mradi anaweza kuomba msamaha wa malipo. Ombeni mapema, msisubiri makala ikubaliwe.

Mkutano mkuu hufanyika kila Januari au karibu na hapo, kila mwaka mji tofauti. Nauli, hoteli na viza ni mzigo ambao mshahara wa kawaida haubebi bila mfadhili. Wa 2021 ulifanyika wote mtandaoni kwa sababu ya korona, na kwetu sisi wa mbali ulikuwa neema, ijapokuwa kikao cha saa nane mchana cha Boston ni saa nne usiku huku. Uthibitisho wa watangazaji wa hali ya hewa wa televisheni na mambo ya sera za Washington sina la kusema juu yake. Hayo ni ya Wamarekani.

Na ndiyo dosari ninayoiona: chama ni chao, na ajenda inafuata mvua zao. Unaweza kusoma toleo zima la jarida lao la Weather and Forecasting ukakutana na tornado, theluji na vimbunga vya Atlantiki, Ikweta isitajwe. Jarida lao la Bulletin ni afadhali sana. Ripoti ya kila mwaka ya hali ya tabianchi duniani hutoka kama nyongeza yake, bure, na Afrika Mashariki ina sehemu yake humo. Toleo la kwanza la ripoti yao ya kuchambua chanzo cha matukio makali, la 2012, liliugusa ukame wetu wa 2011. Glossary of Meteorology nayo, kamusi yao ya taaluma, iko wazi mtandaoni. Naifungua karibu kila ninapoandika.

Basi nani alipe? Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayelenga kuchapisha au kutafuta nafasi nje, ndiyo, kwa ada ya mwanafunzi. Mtabiri wa zamu anayetaka kusoma tu, hapana: hizo pesa ziende kwanza kwenye chama cha nyumbani. Kenya Meteorological Society wapo, na mikutano yao unaifikia kwa matatu.

Makala ambayo haijatimiza mwaka na unaihitaji sasa hivi, mwandikie mwandishi. Barua pepe yake iko kwenye ukurasa wa kwanza. Jitambulishe kwa mistari miwili na umwambie unaitumia kwa kazi gani. Wengi hutuma.