Magomeni au Butiama: tuanzie nyumba ipi ya Mwalimu?

Mkazi wa Dar es Salaam hana sababu ya kuikosa nyumba ya Magomeni, kwani nauli ya daladala tu inamfikisha mahali ambapo Mwalimu Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955, aliishi na Mama Maria huku akiijenga TANU. Ni nyumba ndogo ya mtaani, na udogo huo ndio unaonigusa zaidi.

Butiama iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, lakini kule Mwitongo, katikati ya majabali, utakuta kaburi lake na nyumba aliyojengewa na jeshi baada ya Vita vya Kagera. Wenye watoto waanzie Magomeni. Butiama wapange likizo, wasiende mbiombio.