Mauser ya 71: risasi moja, moshi kama jiko la harusi

Nilipompigia simu mjomba Tanga kumwambia nimenunua bunduki ya karne ya 19, swali lake la kwanza lilikuwa, "Gobore hilo, mjomba?"

Si gobore. Gobore unalishindilia baruti kwa mdomoni. Hii unafungua komeo nyuma, unaweka risasi moja, unafunga, unapiga, halafu unaanza upya. Haina magazini. Ni Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya askari wa miguu wa Ujerumani. Yangu imegongwa muhuri wa kiwanda cha Spandau, Ujerumani, 1876, na ubavuni ina maandishi ya Kijerumani kwa herufi za mtindo wa kale: I.G.Mod.71, yaani bunduki ya askari wa miguu, modeli ya 71. Ina urefu wa mita 1.35 na uzito wa kilo 4 na nusu, kwa hiyo ukiibeba nusu saa bega linakuuliza maswali.

Mimi naishi Pennsylvania, lakini nimekulia Tanga, na mtoto wa Tanga hakui bila kusimuliwa vita vya Novemba 1914 na nyuki waliowatimua askari wa Mwingereza. Kinachosimuliwa mara chache ni kwamba askari weusi wengi wa Mjerumani walipigana siku zile wakiwa na bunduki hii hii, wakati majeshi ya Ulaya yalikuwa yameshaitupa zamani. Na usiichanganye na ya yule askari wa sanamu ya Bismini pale Dar. Yule ni wa upande wa Mwingereza.

Kuinunua hapa Marekani ni rahisi kuliko nilivyodhani. Sheria ya shirikisho ya 1968 inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, kwa hiyo haikupitia kwa muuza silaha mwenye leseni. Ililetwa mlangoni kama blanketi. Baadhi ya majimbo yana masharti yake, angalia la kwako kwanza. Na wewe uliyeko Bongo unayefikiria kuagiza, acha kabisa; huko silaha ni leseni, na mzigo wa namna hii bandarini utakutoa jasho.

Shida ilikuwa muuzaji. Nilimpata kwenye mnada wa mtandaoni, akaniapia mambo matatu: mtutu ndani unang'aa kama kioo, namba kwenye vipande vyote zinalingana, na bunduki "imetoka Afrika Mashariki". Nikalipa dola 800, na nakiri hilo la tatu ndilo lililonifungua pochi. Ilipofika, mtutu ulikuwa na vishimo vya kutu kama punje za mtama upande wa nyuma. Namba ya komeo ni ya bunduki nyingine. Na alama za kikosi kwenye bati la kitako ni za kikosi cha Ujerumani kwenyewe, hakuna hata moja ya jeshi la koloni. Nilimtumia picha, tukavutana wiki nzima, akanirudishia dola 120. Ningekuwa nimeomba picha za namba kabla ya kulipa, hadithi ya Afrika isingenigharimu kitu.

Kabla ya kupiga, nilimpelekea fundi wa bunduki. Komeo lisilo la mtutu wake si jambo la kupuuza, kwa sababu linafungwa mbele ya uso wako. Alipima, akaridhika, akanionya nitumie baruti nyeusi tu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi usiisogeze karibu na chuma cha mwaka 1876.

Risasi ndiyo kazi yenyewe. Ni za milimita 11, madukani kwetu hazipo. Maganda matupu niliagiza 20, karibu dola 4 kila moja, yanatumika tena na tena. Vichwa vya risasi nayeyusha madini ya risasi laini na bati kidogo, namimina kwenye kalibu gereji. Kiwandani enzi hizo waliweka gramu 5 za baruti nyuma ya risasi ya gramu 25 iliyozungushiwa karatasi, na kisahani cha nta katikati cha kulainisha mtutu. Mimi natumia nta ya nyuki. Mtu wa Tanga atacheka hapo.

Uwanjani ilinishangaza kwa uzuri. Haipigi teke, inakusukuma bega taratibu kama mtu anayekuomba upishe njia. Risasi za kwanza kwa yadi 100 zilikwenda juu karibu futi moja, maana vilengeo vyake vimewekewa masafa ya vita. Nilipozoea kulenga chini, risasi 5 zilikaa ndani ya duara la sahani ya wali. Kwa mtutu wenye kutu, sina la kulalamika. Kero ni kwamba haina cha kurusha ganda nje: ukivuta komeo, ganda linalala palepale, unaipindua bunduki kulidondosha.

Halafu moshi. Siku ile upepo haukuwepo. Nilifyatua, likatanda wingu jeupe mbele yangu, karatasi ya shabaha ikapotea, nikahesabu mpaka saba ndipo nikaiona tena. Jirani yangu uwanjani alikohoa, akahamia meza ya mwisho. Nikamfikiria askari wa 1914 amelala chini ya mnazi: kila akipiga anajitangaza alipo, na adui mwenye baruti isiyo na moshi analenga chini ya wingu. Na bado wapatao 1,000 waliwarudisha baharini watu kama 8,000. Bunduki za kisasa ziliwafikia baadaye, Aprili 1915, meli ya Rubens ilipoingia Manza, kaskazini ya kwetu, ikijifanya ya Kidenmark. Waingereza waliipiga ikazama kina kifupi, na shehena ikaopolewa.

Usafi ni siku hiyo hiyo, maji moto na sabuni, kisha mafuta. Ukichelewa hadi kesho utakuta kutu mpya. Maji yanayotoka yananuka mayai viza, na mke wangu ameshanihamishia kazi hiyo nje, theluji au jua.

Mjomba bado anauliza dola 680 ni mbuzi wangapi. Sijamjibu. Ganda moja limepasuka shingo, nimebaki na 19.