Washa za kubana nguvu kwenye Honda CB500 ya kabureta: je, zinafaa kununuliwa?

Leseni ya A2 huko Ulaya inamruhusu mtu kuendesha pikipiki isiyozidi kilowati 35, sawa na nguvu farasi 47 hivi. Honda CB500 ya silinda mbili, ile iliyouzwa kuanzia 1993 hadi 2003, ina farasi 58. Bado ni miongoni mwa pikipiki nzuri kabisa za kuanzia kwa vijana wanaoishi Uingereza au Ujerumani: haili mafuta ovyo, injini yake ni ngumu, na spea zake za mitumba zimejaa. Kuna farasi 11 tu za kupunguza. Kifaa cha kuzipunguza ni washa mbili, yaani visahani bapa vya chuma, kila kimoja na tundu la kipimo maalumu katikati, moja kwa kila kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli), na zinakuja na cheti.

Ukizitoa kwenye bahasha utashangaa, kwa sababu zinaenea kwenye kiganja na bei yake haifanani kabisa na uzito wake. Ujue kwamba sehemu kubwa ya hela hiyo ni ya cheti na ya kazi iliyofanyika kwenye mashine ya kupimia nguvu mpaka kipimo cha tundu kikapatikana. Kipimo hicho hakikisiwi. Eneo la tundu linafuata mraba wa kipenyo: ukipunguza kipenyo kwa nusu, njia ya hewa inabaki robo. Na hata hivyo nguvu haishuki kwa uwiano huohuo, kwa kuwa hewa huongeza kasi inapopita penye wembamba. Ndiyo maana washa ya kuchonga nyumbani, hata fundi awe hodari namna gani, inaweza kukuacha na farasi 35 au 52, na wewe usijue.

Ubora wa kifaa hiki uko kwenye mahali kinapokaa. Kabureta za CB500 ni za aina ambayo waya wa mkono wa mafuta haunyanyui slaidi, ile pistoni ndogo inayopanda na kushuka kwenye njia ya hewa. Waya unageuza kipepeo tu, lile bamba la duara upande wa injini. Slaidi yenyewe inapandishwa na mvuto wa hewa kupitia dayaframu ya mpira iliyoko juu. Washa inakaa baada ya kipepeo, ndani ya mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha injini. Injini ikitaka kuvuta hewa nyingi kwenye mizunguko ya juu, inakwama kwenye tundu lile. Hewa inayopita chini ya slaidi inapungua, slaidi haipandi hadi mwisho, sindano iliyofungwa kwenye slaidi haitoki sana kwenye jeti (kitundu kinachopitisha petroli), na petroli inapungua pamoja na hewa. Mchanganyiko unabaki karibu na ulivyokuwa, kwa hiyo jeti huzigusi.

Linganisha na njia za mkato ambazo bado zinapendekezwa gereji. Wapo wanaoziba sehemu ya mdomo wa boksi la kichungi cha hewa. Hapo kizuizi kiko mbele ya kabureta: mvuto kwenye jeti unaongezeka wakati bakuli la kabureta, ambalo kwa kawaida linapumua hewa ya nje, lina presha ileile, na petroli inamiminika kupita kiasi. Hiyo ndiyo kazi ya choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, na hakuna anayeendesha siku nzima choki ikiwa imevutwa. Plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kibaya zaidi ni kufunga jeti kuu ndogo. Hapo petroli ndiyo inayopunguzwa huku hewa ikiachwa ilivyo, injini inachoma mchanganyiko mkavu, joto linapanda, na mwisho wake ni valvu ya ekzosi kuungua au pistoni kutoboka. Fundi akikuambia atabana nguvu kwa kubadilisha jeti peke yake, hamisha pikipiki.

Kuna pia kizuizi cha mkono wa mafuta, yaani skrubu au bushi inayozuia kipepeo kisifunguke chote. Kinafanya kazi na hakiharibu mchanganyiko. Kasoro yake ni kwamba mkono unagota mapema, jambo linaloudhi, na mtu yeyote mwenye spana anaweza kukitoa dakika moja, kwa hiyo mkaguzi hukitazama kwa jicho kali. Kwa CB500 washa ni bora.

Kufunga kunamchukua fundi aliyezoea saa moja hadi mbili. Tafuta bisibisi ya nyota ya kipimo cha Kijapani, ile ya JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida inakula vichwa vya skrubu za klampu za Honda, na ukishakula kimoja nyuma ya kabureta siku yako imeharibika. Funga koki ya mafuta, ondoa kiti, chomoa bomba la mafuta, toa tangi. Legeza klampu za mbele na za nyuma za kabureta, kisha zivute kwa pamoja kuelekea nyuma, bila kuzitenganisha wala kuchomoa waya kama nafasi inaruhusu. Mipira ya pikipiki ya miaka zaidi ya 20 imekuwa migumu kama mbao. Ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ilainike. Ukitumia bisibisi kama mtaimbo utaichana. Kama ina nyufa ndani, nunua mipya sasa hivi, kwa sababu hakuna washa itakayofanya kazi juu ya mpira unaovuja.

Safisha mdomo wa mpira kwa kitambaa. Soma namba iliyogongwa kwenye kila washa na uhakikishe zote mbili zinafanana na zile zilizoandikwa kwenye cheti. Ziweke zilale bapa kwenye ukingo wa ndani wa mpira, na zile zenye ukingo wa mshazari upande mmoja zielekee kama maelezo yanavyosema. Washa iliyokaa kimshazari ndiyo chanzo cha malalamiko mengi: kabureta haiingii hadi mwisho, klampu inabana pembeni, na hewa inapenya. Paka maji ya sabuni kidogo kwenye mdomo wa kabureta, sukuma hadi uhisi imeingia kwenye mfereji wake, ndipo ukaze klampu kwa kiasi.

Washa injini. Iache itulie kwenye mizunguko karibu 1,300 kwa dakika, kisha, ekzosi ikiwa bado haijapata moto, nyunyiza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kuzunguka mipira. Mzunguko ukibadilika, kuna uvujaji. Dalili nyingine za uvujaji ni injini kuchelewa kurudi chini unapoachia mafuta, na milipuko midogo kwenye ekzosi unapoteremka mlima. Kwa kuwa kabureta zimesogezwa, linganisha mvuto wa silinda mbili kwa geji. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanalaumu washa kwa mtetemo ambao hauhusiani nayo. Baada ya kilomita mia kadhaa chomoa plagi: rangi ya kahawia isiyokolea ndiyo unayoitaka.

Barabarani, chini ya mizunguko 6,000 hivi hutatambua kama kuna kitu kimefungwa. Mjini, kwenye kiplefti, kupita lori kwenye barabara ya kawaida, ni CB500 ileile. Juu ya hapo ndipo injini inapobaki bapa: unavuta mafuta, sauti inaongezeka, mwendo hauongezeki kwa kasi ileile. Kwenye barabara kuu bado inakwenda na magari bila shida. Ukiipeleka kwenye mashine ya kupimia, kumbuka kwamba kipimo kinachukuliwa kwenye gurudumu la nyuma, baada ya gia na cheni kula sehemu yao. Ukiona farasi 41 au 42 usidhani umebanwa kupita kiasi.

Matokeo hayo mazuri yanatokana na kiasi kidogo kinachokatwa. Kawasaki ER-5, yenye farasi 50, inakatwa kiasi kidogo kuliko hicho na mwendeshaji hahisi chochote. Suzuki Bandit 600 ina kabureta nne na farasi 78. Ukiibana hadi 47 inakubalika kisheria, lakini utamu wake wote ulikuwa kule juu, na unabaki na uzito tu. Yamaha R6 ya 1999, yenye farasi 120, hairuhusiwi hata ukiifunga washa za tundu la sindano, kwa sababu pikipiki ya A2 haitakiwi kutokana na mashine yenye zaidi ya maradufu ya kilowati 35. Upo pia uwiano wa kilowati 0.2 kwa kilo, ambao kwa kilowati 35 kamili unadai pikipiki ya kilo 175 au zaidi. CB500 ikiwa na mafuta na maji inazidi kilo hizo.

Jihadhari na washa za mtumba. Kabla ya tarehe 19 Januari 2013 kikomo kilikuwa kilowati 25, na washa za wakati huo bado zinazunguka sokoni. Kwa macho zinafanana na hizi. Tundu ndilo dogo. Hazikuvunjii sheria, ila zinakunyima farasi 13 ulizo na haki nazo, na cheti chake kina jina au namba ya pikipiki ya mtu mwingine.

Uingereza, cheti hicho ndicho utakachokitoa polisi wakikusimamisha, na kampuni ya bima lazima ijue tangu siku ya kwanza kwamba pikipiki imebanwa. Ujerumani kuna hatua zaidi: watengenezaji kama Alphatechnik wanatoa hati pamoja na kifaa, mkaguzi wa TÜV, shirika la kukagua magari, au wa shirika kama hilo anathibitisha, kisha nguvu mpya inaandikwa kwenye hati za pikipiki. Kuzitoa washa kimyakimya ukiwa bado na A2 huko kunahesabiwa kuwa umeendesha bila leseni, na hilo ni kosa la jinai.

Ukipata leseni ya A kamili, isiyo na kikomo cha nguvu, fungua klampu zilezile, toa washa, linganisha kabureta upya. Ziweke pamoja na cheti kwenye mfuko mmoja, kwa sababu CB500 inayouzwa na washa zake na karatasi zake hupata mnunuzi haraka miongoni mwa wanaoanza.